Sabuni ya Nakijwa katika Nchi ya Mkabala

Siku ambayo Nakijwa aliacha kuwepo ilikuwa siku ya kufua. Alikuwa ameloweka nguo kwenye beseni huku akiimba ule wimbo wake usio na maneno, kisha akaiweka sabuni juu ya jiwe na kumwambia mumewe kwamba anaingia ndani kujinyoosha kidogo, kichwa kinamgonga. Senkondo alikuwa uani akitia jembe mpini. Alijibu "haya" bila kuinua macho. Alipoingia baadaye kuuliza kama kuna chai, mkewe alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, na hakuwa mtu wa kuulizwa chochote tena.

Nguo zile zilikaa majini hadi kesho yake. Wanawake waliokuja msibani ndio waliozikamua, zikiwa zimeshaanza kunuka. Sabuni hakuna aliyeigusa. Ilikuwa kipande cha mche wa buluu, kimelika upande mmoja, na katikati kilikuwa na bonde dogo pale kidole gumba cha Nakijwa kilipozoea kukaa. Senkondo aliweka kidole chake mle. Hakikuenea. Akakifunga kipande kile kwenye leso, akakitia mfukoni.

Watu walimfariji kadiri walivyojua.

"Afadhali hakuteseka, bwana Senkondo."

"Afadhali umebaki na binti."

Mzirai, kaka wa marehemu, alimshika bega. "Shemeji, jikaze. Kuna mwenzetu ng'ambo ya mlima alizika wawili ndani ya wiki. Afadhali sisi."

Senkondo aliwaitikia wote. Lakini kila alipoitika aliona kama ametoa kitu kifuani akampa mgeni aondoke nacho. Matanga yalipokwisha usingizi ulimhama, chakula kikawa hakipandi. Akawa anakaa kwenye lile jiwe la kufulia, leso mkononi, mpaka binti yake akaanza kuogopa kupita uani.

Mzirai alirudi kumtazama, akaona hali haifai.

"Shemeji, nasikia kuna nchi inaitwa Mkabala. Watu wanakwenda na mizigo yao ya moyo, wanarudi wepesi. Nenda. Mtoto nitakaa naye mimi."

"Huko wanawafanya nini?"

"Hilo sijui. Niliowauliza hawakumbuki vizuri."

Njia ya kwenda Mkabala haina la kusimulia. Aliondoka, akafika.

Langoni palikuwa na vigoda viwili vimewekwa bega kwa bega, na mlinzi aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Kando ya mlinzi huyo alisimama mwingine, kanzu imechanika, usingizi umemjaa machoni.

"Karibu, bwana mgeni. Umeleta nini?"

"Sabuni ya marehemu mke wangu."

"Iweke hapo."

Senkondo akaiweka kwenye kigoda kimoja. Mlinzi akashusha bakuli kutoka kwenye rafu, akaliweka kwenye kigoda cha pili. Ndani yake mlikuwa na jivu.

"Hili ni jivu la nyumba ya mtu. Yeye hakubakiwa hata na sabuni. Tazama hiki, halafu tazama hiki." Akavuta pumzi, akatoa sauti kubwa: "Afadhali!"

"Afadhali!" wakaitikia wapagazi wote pale langoni, kama watu wanaoitikia dua.

Senkondo alihisi wepesi wa ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alitabasamu hata, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Alipiga hatua kadhaa akiingia mjini, akataka kuimba kimoyomoyo ule wimbo wa Nakijwa wa kufulia. Haukuwapo. Alijaribu kuuanzia mwisho, akajaribu kuukumbuka mdomo wake ulivyokaa alipouimba. Mdomo aliuona. Sauti hakuisikia.

Akarudi mbio kwa mlinzi. "Wimbo wa mke wangu umekwenda wapi?"

"Wimbo upi?"

"Sijui!"

"Basi kama hujui, bwana mgeni, umepungukiwa na nini?"

Alipoitaka sabuni yake akaambiwa imeshapelekwa Ukumbini, jumba la kulinganishia. Kitu kikishalinganishwa langoni hakimrudii mwenyewe; husubiri kulinganishwa mara ya mwisho mbele ya watu, siku ya gulio. Na kikishapigiwa mbiu ya mwisho ya "afadhali" hubaki ghalani, naye mwenyewe hutoka mwepesi kabisa. Senkondo akaelewa vizuri neno hilo "kabisa" lilikuwa na maana gani.

Aliyepewa kazi ya kumtembeza alikuwa Bwana Sanjari, Mlinganishi Mkuu wa nchi ile, mtu mpole, mwenye ndevu za mvi zilizochanwa vizuri. Alimweleza mgeni wake sheria zao bila majivuno.

"Sisi, bwana, tuna sheria mbili. Ya kwanza: kitu hakitatazamwa peke yake. Ukinionyesha ukuta mweupe nitakwambia sijui kama ni mweupe, mpaka uniwekee kitu kando yake. Weka mkaa. Sasa naona! Weupe umetoka wapi? Umetoka kwa mkaa."

"Hilo naliona," alisema Senkondo.

"Ya pili: kando ya kila kitu kitawekwa kibaya zaidi. Hapo ndipo tulipowapita majirani zetu."

Sheria hiyo ya pili ilionekana kila mahali. Barabara kuu ya mji ilikuwa na mashimo ya kumeza punda, lakini sambamba nayo serikali ilikuwa imechimba barabara nyingine isiyopitika kabisa, na watu waliokwama kwenye ile ya kwanza waliitazama ya pili, wakapanguza jasho, wakasema afadhali. Kila nyumba ilikuwa na gofu lake ubavuni, na gofu likianza kuanguka Idara ya Vibaya Zaidi hutuma mafundi kulikarabati ili libaki gofu. Shuleni, Senkondo alioneshwa mwanafunzi wa mwisho wa darasa la tatu. Alikuwa mwajiriwa wa serikali mwenye kipara na wajukuu, na walimu walimsifu kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kupata jibu hata moja kwa bahati mbaya.

Hata Liwali wa nchi hakutembea peke yake. Ubavuni mwake alikwenda Liwali mwingine, aliyepewa cheo hicho kwa kazi ya kupokea rushwa hadharani na kutukana wazee. Watu waliopanga foleni kumwona yule wa kwanza walikuwa na njaa, na walikuwa wameridhika.

Bwana Sanjari alimpeleka pia barazani, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na mjadala mkubwa. Upungufu ulikuwa umetokea. Barabara kuu ilikuwa imeharibika kuliko ile mbaya iliyochimbwa kando yake, na sasa wajumbe walibishana kama ichimbwe zaidi ile mbaya au itafutwe nyingine.

Mjumbe mmoja, mgeni barazani, alinyanyuka. "Waheshimiwa, na tukiitengeneza hii kuu?"

Kisha mzee wa mbele akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mwanangu, ukishaitengeneza utailinganisha na nini? Na ipi itakuwa kuu, ipi mbaya? Unataka watu wasijue wanasafiri wapi?"

"Nauliza tu, mzee."

"Kaa chini. Afadhali umeuliza, jana mwenzio alipendekeza daraja."

Baraza zima likacheka. Bwana Sanjari peke yake hakucheka, akamgusa Senkondo begani watoke.

Njiani Senkondo alijipa moyo akamwambia, "Bwana Mkubwa, mimi nimebadili nia. Naomba sabuni yangu nirudi nayo kwetu hivi hivi."

"Nzito?"

"Nzito."

"Kwa nini utake kubaki nayo?"

Senkondo alifikiri. "Kwa sababu ni yeye."

Bwana Sanjari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Bwana Senkondo, wote husema hivyo kabla. Mimi pia nilikuwa na mtu wangu. Nilimleta Ukumbini mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Alikuwa nani?"

"Sikumbuki," alisema Bwana Sanjari. "Nitazame nilivyo mzima."

Nyumba ya wageni ilivuja, na kando yake palikuwa na nyumba ya wageni isiyo na paa. Katika ile inayovuja Senkondo alimkuta mfua bati aitwaye Mbwana, aliyekuja na nyundo ya ndugu yake aliyekufa. Walikula pamoja, na Mbwana akamsimulia habari za ndugu huyo mpaka mchuzi ukapoa: jinsi alivyokuwa akigonga bati kwa mapigo ya ngoma, jinsi alivyowatania wateja. Kesho yake ilikuwa gulio, zamu ya Mbwana, naye akaitwa Ukumbini. Alirudi amenyooka mgongo, anapiga mluzi.

"Vipi, ndugu yangu?" Senkondo alimuuliza.

"Safi kabisa! Mwili mwepesi kama nimetoka kuoga."

"Na nyundo?"

"Nyundo nimeacha huko." Mbwana akakunja uso kidogo. "Hivi, ile nyundo ilikuwa ya nani? Nilikwambia jana?"

Senkondo alitaka kumwambia. Akafungua mdomo, lakini jina la yule ndugu lilikuwa limetajwa katikati ya vicheko vingi na hakuwa amelishika sawasawa. Alimwona Mbwana akingoja jibu, kisha akiacha kungoja. Tangu dakika hiyo Senkondo akawa anajihoji kila alikopita: kovu la Nakijwa lilikuwa goti lipi? La kushoto. Alikuwa akimwitaje binti yao akikasirika? Alipomaliza kujihoji alianza upya, asije akaibiwa katikati.

Alasiri ya mkesha wa gulio la zamu yake alizunguka nyuma ya Ukumbi kutafuta pa kupenya. Ghala lilikuwa na mlango wa chuma, na kando yake ghala la pili lisilo na mlango wala kitu ndani. Pale kisimani alikuta mama mmoja anafua gauni jeusi refu, la heshima, lenye nakshi za fedha shingoni. Mama huyo alimtupia jicho kali kabla hata hajasalimiwa.

"Wewe ndiye mgeni wa kesho?"

"Ndiye mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umefiwa na wangapi?"

"Mmoja. Mke wangu."

"Kwa nini? Moto? Vita?"

"Kichwa kilimuuma."

Mama yule akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Haya. Basi niko salama." Akaendelea kukamua gauni. "Samahani, kaka. Usinione mbaya. Mimi ndiye Kipimo."

Akamweleza. Miaka ya nyuma alifiwa na watoto watatu siku moja, na tangu hapo serikali ilimpa gauni na nyumba. Kila aliyeletwa Ukumbini na msiba wake aliwekwa kando yake. Yeye hukaa kitini, hatamki neno. Mpiga mbiu hutaja idadi ya watoto wake, watu hushtuka, na mbiu inapigwa. Na kwa kuwa hapakuwa na msiba uliozidi wake, hakuna kitu kilichowahi kuwekwa kando yake kikamfanya yeye kuwa afadhali. Kwa hiyo katika nchi nzima ya Mkabala alikuwa mtu pekee ambaye hakusahau chochote.

"Kila akija mgeni natetemeka," alisema. "Siku atakapokuja aliyefiwa na wanne, watanikalisha kwenye kigoda cha kwanza. Nitatoka mle napiga mluzi. Wanangu nitawaacha ghalani."

Senkondo alikaa juu ya ukingo wa kisima. Akauliza kitu ambacho mtu yeyote kwao angeuliza. "Waliitwa nani?"

Mikono ya mama ikasimama ndani ya maji.

"Unasemaje?"

"Watoto. Waliitwa nani?"

"Mize," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango uliokaa sana umefungwa. "Mize, Hamadi, na Faki. Mimi ni Mwanatumu." Akajipangusa uso kwa kiwiko. "Unajua, kaka, hakuna aliyewahi kuuliza. Wanajua ni watatu. Basi."

"Ilikuwaje?"

"Daraja. Walikuwa wanakwenda shule. Lilikuwa limeoza, kila mtu anajua limeoza, ila serikali ilikuwa imejenga jingine kando yake, bovu zaidi, la kutazamwa. Tukawa tunapita hili tukisema afadhali."

Kisha akamwambia jambo ambalo bibi yake alimsimulia, kwamba Ukumbi ule ni wa zamani kuliko sheria ya pili. Hapo kale watu walileta vitu viwili tu, wakaviweka ubavu kwa ubavu: gunzi na bangili, au jembe jipya na mkono wa mkulima mzee. Walikaa wakatazama. Kila mmoja aliona alichoona, akaenda nacho nyumbani.

"Na mpiga mbiu?"

"Hakuwapo. Aliongezwa baadaye, na wale waliochoka kutazama."

Senkondo alimwomba amsaidie kuiba sabuni. Mwanatumu alitikisa kichwa. Ufunguo ulikuwa kwa Sanjari na hautoki. Alikuwa na hofu usoni, na Senkondo hakuweza kumlaumu, kwa maana alichomwomba mama huyu ni ahatarishe watoto wake kwa ajili ya mke wa mtu.

Siku ya gulio Ukumbi ulijaa pomoni. Wengine walikuja na vikapu vyao vya sokoni, kuku wakilalama chini ya viti. Mbele palikuwa na vigoda viwili, na katikati yake chetezo. Sheria ilisema mbiu ipigwe kabla ubani haujakwisha chetezoni, la sivyo kitu humrudia mwenyewe. Haijawahi kutokea ukaisha kwanza.

Bwana Sanjari alileta sabuni kwenye sahani, akaiweka kigoda cha kushoto. Senkondo aliona imeanza kupasuka pembeni kwa ukavu. Kisha Mwanatumu aliingia na gauni lake jeusi, akaweka kigoda cha kulia kitu chake cha siku zote: shati la shule la mtoto mdogo, limekauka matope ya mto tangu kola hadi pindo.

Mpiga mbiu, bwana mnene mwenye shingo ya ng'ombe, alisimama. "Huyu mgeni amefiwa na mke, mmoja, kitandani! Na huyu ni Kipimo, aliyepoteza watoto watatu, asubuhi moja, majini! Tazameni hiki, tazameni hiki!"

Senkondo alihisi inaanza. Uso wa Nakijwa ulififia kuanzia kwenye nyusi. Alijiuliza kovu liko goti lipi, na goti halikujibu. Alitaka kupiga kelele akakuta hajui apige kelele za kumwita nani. Mpiga mbiu alikuwa ameshajaza kifua.

"Ngoja, baba," alisema Mwanatumu.

Ukumbi ukashtuka. Kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kusikia sauti yake. Kuna waliodhani ni bubu. Mikono aliificha kwenye mikunjo ya gauni.

"Kaka Senkondo. Mkeo akifua, alikuwa anaanza na nguo gani?"

Senkondo alipapasa gizani mwa kichwa chake. Macho yake yakatua kwenye shati, yakahamia kwenye sabuni, yakarudi kwenye shati, kwenye kola.

"Kola," alisema. "Sare ya binti. Anaanza na kola. Alikuwa anasema... alikuwa anasema kola ndiyo inayomtangaza mama wa mtoto."

"Basi mimi Faki alinitangaza vibaya mji mzima!" Mwanatumu akacheka, na kicheko kile kilikuwa cha uani, hakikuwa cha Ukumbini. "Hakuwahi kunirudishia kola safi. Mize alikuwa anamkimbiza na ndoo. Hamadi ndiye mwenye usafi, huyo mpaka viatu anavipuliza vumbi."

"Wangu anapangusia kamasi kwenye mkono wa shati!" alisema mwanamke mmoja nyuma, na mara akajiziba mdomo.

"Wako na wangu ni sawa! Wangu ananunua mihogo anaitia mfukoni na pilipili yake!" alidakia jirani yake.

"Kimya!" alisema Bwana Sanjari. "Mpiga mbiu, tangaza."

Mpiga mbiu akatazama vigoda. Akatazama sabuni iliyolika na bonde lake la kidole. Akatazama shati la matope. Viwili vile vilikaa bega kwa bega, sabuni isiyotakiwa kuguswa na maji tena na shati lisilotakiwa kufuliwa, na katika Ukumbi mzima kila aliyewahi kuwa na mama aliona.

"Tangaza!"

"Natangaza, bwana. Ila niseme afadhali nini?" Jasho lilimtoka. "Afadhali sabuni haina shati, au afadhali shati halina sabuni?"

"Sema lolote, si mshahara uleule!" alirusha neno mtu mmoja kutoka dirishani, na wachache wakacheka.

Mpiga mbiu hakucheka. "Mama yangu alikuwa ananifulia mtoni," alisema polepole. "Alikuwa na..." Akashika paji la uso. "Alikuwa na kidole kimoja kilichopinda." Akakaa chini, mbele ya watu wote, kwenye sakafu.

Karibu na mlango Mbwana mfua bati alikuwa amesimama akigonga ukuta kwa kidole, taratibu, kwa mapigo ya ngoma, na alijitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

Moshi wa chetezo ukawa uzi, uzi ukakatika.

Sheria ilikuwa sheria. Kitu kisichopigiwa mbiu hurudi kwa mwenyewe. Bwana Sanjari alimkabidhi Senkondo sahani kwa mikono miwili, na hakuiachia mara moja. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Bwana Senkondo," alimnong'oneza, "wewe umekaa nami siku hizi zote. Sikuwahi kuropoka jina? Hata nikiwa nimechoka? Nilikuwa na nani mimi?"

"Hukuniambia, mzee wangu."

"Hapana. Ningekwambiaje." Akaiachia sahani, akaanza kuvipangusa vigoda, ambavyo havikuwa na vumbi.

Senkondo alimkuta Mwanatumu kisimani, shati limekunjwa kifuani.

"Twende kwetu, dada. Hawa watatafuta mtu wa kukupita."

"Najua watatafuta."

"Sasa?"

"Watoto wangu wako kwenye mto wa hapa, kaka. Niende wapi?" Akatazama upande wa Ukumbi, ambako watu walikuwa bado hawajatawanyika. "Ila leo wameyasikia majina. Haya nenda, kabla hawajakumbuka kukuzuia. Na hiyo sabuni usiilowanishe."

"Na wewe shati usilifue."

"Nilifue kwa nini?"

Langoni mlinzi alimuuliza amebeba nini. Alipojibiwa sabuni, akauliza kama imepata afadhali. Senkondo akasema haijapata. Mlinzi akarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mwenye ndui, na yule mwenzake wa kanzu iliyochanika akafumbua macho kwa mara ya kwanza.

Habari zilizokuja baadaye kutoka Mkabala zilisema kwamba mpiga mbiu yule hakufukuzwa. Amepewa cheo cha kukaa kando ya mpiga mbiu mpya, ili mpya aonekane hodari. Daraja bado halijatengenezwa. Za Mwanatumu hakuna aliyekuwa nazo, na Senkondo huuliza kila mgeni apitaye.

Kovu lilirudi, goti la kushoto. Wimbo haujarudi. Binti yake anasema mama hakuwa na wimbo, alikuwa na mluzi tu, na anaupiga anapoanika nguo. Senkondo husikiliza kwa makini. Hana hakika kama ndio wenyewe.

Akienda msibani humuuliza mfiwa jina la marehemu na kazi aliyopenda kufanya, kisha hukaa. Shemeji yake Mzirai husema tabia hiyo inachelewesha watu kula.

Sabuni iko dirishani, kwenye kisahani, mahali mvua haifiki. Nguo za nyumba ile sasa anafua Senkondo, Jumamosi, kwa mche mwingine, na anaanza na kola.